Théophane: somo mwenye jina gumu



Juzi baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa darasa la kipaimara alinivuta pembeni. "Frateri, nimepata somo wangu, ila jina lenyewe siwezi kulitamka. Wenzangu wananicheka. Au niandike Yohane tu yaishe?" Alikuwa ameliandika kwenye kiganja: Théophane.

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nikiwa mwaka wa kwanza wa falsafa nilipewa kusoma habari fupi ya wafiadini wa Vietnam, nikasimama mbele ya watu na kusema "Thiofeni", tena kwa kujiamini kabisa. Nilidhani kila jina la kizungu linasomwa kama Kiingereza.

Basi, matamshi kwanza. Jina ni la Kifaransa. Hiyo "th" ya mwanzo si ile ya "thelathini", ni "t" ya kawaida. "É" ni kama "e" ya embe. "Ph" ni "f". Na "e" ya mwisho haisikiki. Sema te-o-fan, umemaliza. Kwa Kiswahili ukisema Teofani hujakosea, ndivyo lugha yetu inavyopokea majina.

Asili yake ni Kigiriki, maana yake kuonekana kwa Mungu. Ndiyo ile sikukuu yetu ya Tokeo la Bwana. Zamani watoto wa kike waliozaliwa siku hiyo waliitwa Theophania, na kwa kupita midomoni mwa watu jina likageuka Tiphaine kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza Tiffany. Kumbe Tiffany unayemfahamu naye ana Epifania ndani ya jina lake! Dada limevuma dunia nzima, kaka limebaki adimu hata huko Ufaransa. Na si kwamba lilikatazwa. Sheria ya mwaka 1803 iliwabana wazazi wachague majina ya kwenye kalenda au ya watu wa historia ya kale, na ililegezwa kabisa mwaka 1993 tu. Théophane lilikuwa halali muda wote huo. Watu hawakulichagua, basi.

Wazazi wa Vénard walilichagua. Jean-Théophane Vénard alizaliwa mwaka 1829 huko Saint-Loup-sur-Thouet. Akiwa na miaka kama tisa, akichunga mbuzi, alisoma habari za Padre Jean-Charles Cornay aliyeuawa Tonkin mwaka 1837, akasema naye atakwenda hukohuko kufa shahidi. Watoto husema mengi. Huyu alipata upadre mwaka 1852, akaenda kweli. Alikamatwa Novemba 1860, akafungiwa kwenye kizimba cha mianzi, na humohumo akawaandikia barua watu wa kwao. Alikatwa kichwa Hanoi tarehe 2 Februari 1861, akiwa na miaka 31.

Barua hizo ndizo zilizomfikia Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu kule Lisieux. Alimpenda mno, akanakili vipande vya barua zake, na picha yake ilikuwa karibu naye hadi alipokufa mwaka 1897. Sababu yake inanifurahisha: Teresa aliona kwamba Théophane alikuwa mtu wa kawaida, aliyewapenda sana ndugu zake, na mchangamfu daima. Wapo watakatifu wanaotutisha kwa ukali wa maisha yao. Huyu unaweza kukaa naye benchi moja.

Na hapa ndipo nilipomkamata kijana wangu. Wavietnam nao lile jina liliwashinda! Wakamwita Ven, kutoka ubini wake, na hadi leo wanamwita hivyo. Hakuna barua yake niijuayo inayolalamika kwamba wamemharibia jina. Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 19 Juni 1988 pamoja na wenzake, jumla 117, na tunawakumbuka wote tarehe 24 Novemba.

Kijana akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Na askofu akikosea kulitamka siku yenyewe, kipaimara kitakuwa halali?"

Kitakuwa halali, nikamwambia. Ila mwombe katekista aandike "Teofan" kwa penseli pembeni ya jina lako kwenye orodha. Jumapili alikuja kunionyesha. Imeandikwa tayari.