Mikono Juu ya Mgonjwa



Somo letu la mwezi huu ni juu ya kazi ambayo wengi huidhania kuwa ndogo, nayo ni kumkanda mgonjwa.

Katika Luka 4:40 twasoma habari za jioni moja, wagonjwa wengi walipoletwa kwa Bwana Yesu. Neno moja lingaliwatosha wote, lakini yeye aliweka mikono juu ya kila mmoja wao. Tena Yakobo (5:14) awaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Basi twaona ya kuwa sala na mkono havikutengwa. Maana mtu si roho tu, wala si nyama na mifupa tu. Mungu alimwumba mzima.

Jambo hili sisi tulifundishwa na mjane asiyejua kusoma. Palikuwa na bibi mzee aliyepatwa na kiharusi, akapooza upande wa kushoto. Tulimtembelea, tukasoma, tukaomba hali tumesimama karibu na mlango, kisha tukaenda zetu. Juma la pili tulimkuta yule mjane, jirani yake, ameketi mkekani, akimkanda mkono kwa mafuta ya nazi, polepole, toka vidole hata begani, huku akiimba kwa sauti ndogo. Bibi alikuwa akitokwa na machozi. Akatuambia, "Mwanangu Mchungaji, tangu niugue watu hunigeuza na kunilisha, huyu ndiye wa kwanza kunishika." Tukaona haya.

Je, afanyeje atakaye kutumika hivi? Kwanza, aliyepatwa na kiharusi apelekwe hospitali saa ile ile, maana kukanda hakuondoi kiharusi, wala si badala ya dawa. Akiisha kurudi nyumbani, waombeni wauguzi wawaonyeshe njia. Naweni mikono, mwombeni mgonjwa ruhusa, na wanawake wakandwe na wanawake. Kunjueni vidole na viungo taratibu, visikakamae. Wala msiuvute mkono uliopooza, maana bega lake huteguka upesi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Mahali ngozi ilipobadilika rangi kwa kulaliwa pasisuguliwe, pasije pakawa kidonda. Na mguu ukivimba na kuwa na moto, msiukande kabisa: pengine damu imeganda ndani, nayo yaweza kwenda mapafuni na kuua. Mpelekeni hospitali upesi.

Sasa kila mmoja na ajiulize: Katika mtaa wetu ni nani alalaye kitandani, anayeombewa kila Jumapili wala hashikwi na mtu? Nasi tukienda kwake, tutasimama mlangoni, au tutaketi mkekani?

Bwana aliyemgusa mwenye ukoma aitakase mikono yetu kwa kazi hii. Amin.