Kompyuta Mpya, Lakini Intaneti Inajikokota



Familia moja tunayoifahamu ilichukua mkopo wa chama ikanunua kompyuta, ili binti yao aombe nafasi ya chuo akiwa nyumbani. Siku ya kwanza kurasa za intaneti zilifunguka kwa taabu. Siku ya pili, vile vile. Baba akasema, "Tumeuziwa takataka." Fundi naye akataka alipwe afute kila kitu, aanze upya. Mama akatuita tuangalie kwanza.

Sisi tuliowahi kukaa katika kamati ya maji tunajua jambo moja. Maji yakitoka kidogo kwenye mfereji, hatukimbilii kubomoa tangi. Tunafuata bomba. Kwa jirani yanatoka? Kuna mtu anayejaza mapipa huko juu? Intaneti ni hivyo hivyo. Tuifuate hatua kwa hatua.

1. Tujaribu kwa simu. Zima data ya simu, ibaki na waifai ya nyumbani peke yake. Kaa pale pale penye kompyuta, fungua ukurasa ule ule. Simu nayo ikijikokota, tusilaumu kompyuta. Fungua na ukurasa mwingine: kama ni mmoja tu unaokataa, tatizo liko kwa wenye ukurasa huo. Siku za mwisho za kutuma maombi, mitambo yao hulemewa na watu.

2. Tusogee karibu na ruta, au tuunganishe kwa waya. Mambo yakiwa mepesi, basi waifai ilikuwa inazuiwa njiani. Kuta za mawe na mabati huipunguza nguvu. Ruta nyingi hutoa waifai mbili: ya 5 GHz ina kasi zaidi lakini haifiki mbali, ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi, ila kasi yake ni ndogo. Weka ruta juu, mahali pa wazi, si nyuma ya kabati.

3. Tutazame nani anajaza mapipa. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika orodha ya programu itakayotokea, bonyeza neno Network. Inayotumia intaneti zaidi itapanda juu.

Hapa ndipo tulipopata jibu. Kompyuta mpya huweza kukaa dukani miezi mingi. Ikionja intaneti mara ya kwanza, huanza kuvuta masahihisho yote iliyoyakosa. Tupige hesabu: laini ya 10 Mbps hupitisha megabaiti 1.25 kwa sekunde, maana baiti moja ni biti 8. Mzigo wa gigabaiti 4 huchukua karibu saa nzima, hata kama hakuna mwingine anayetumia.

Dawa yake ni kuiacha kwenye umeme usiku, bila kuizima, imalize. Wanaonunua bando wanaweza kuwasha "Metered connection" kwenye mipangilio ya waifai yao, na masahihisho mengi yatangoja. Lakini isikae hivyo daima, kwa sababu masahihisho hayo huziba mianya ya wezi.

4. Tupunguze mizigo. Kwenye Chrome au Edge, bonyeza Ctrl, Shift na N. Dirisha hilo kwa kawaida hufunguka bila programu ndogo za nyongeza. Kurasa zikienda haraka humo, ondoa nyongeza usizozihitaji. Pia antivairasi mbili zisifanye kazi pamoja.

5. Kama hata kwa waya kila kitu ni pole pole, tupime kasi asubuhi na usiku, tuandike, ndipo tupigie kampuni ya intaneti. Mwenye namba mkononi si rahisi kupuuzwa.

Tukumbuke: tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tukibadilisha vitatu, hatutajua ni kipi kilichoponya.

Asubuhi iliyofuata binti yule alituma maombi yake. Pesa za fundi zilirudi kulipa mkopo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Ni mara ngapi tumelipia matengenezo kabla ya kujua kilichoharibika?
- Katika jumuiya yetu, ni nani anayeweza kufundisha wengine hatua hizi?
- Je, kuna mradi wetu mwingine ambao tuliulaumu bila kufuata bomba?