Dondoo muhimu: Kamera kwenye barabara za Kisangani

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua hupanda upesi. Kwenye barabara ya Bafwasende, udongo mwekundu na msitu hupendeza kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Baadaye mwanga huwa mkali na rangi zote hupauka. Mvua isikukatishe tamaa: madimbwi huakisi miti, na lori lililokwama ni picha tosha.

Vichekesho havitafutwi. Simama kando tu, toleka (teksi ya baiskeli) itapita na abiria, mbuzi na godoro juu ya baiskeli moja. Msalimie dereva, omba ruhusa, kisha chuchumaa umpige picha kutoka mbele ili uso na mzigo vionekane pamoja. Mwoneshe picha, pengine atacheka kukuzidi.

Kwa wavuvi Wagenia, patana bei kabla ya kutoa kamera.

Madaraja, uwanja wa ndege wa Bangboka, askari na vizuizi vyao: simu mfukoni. Hapo usijaribu ujanja.

Ukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi hushika ukungu. Iache kwanza ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hadi ipate joto la nje.