Kompyuta Ndiyo Inayochagua Kadi

Jioni moja mpwa wangu anayesoma Kilifi alinipigia simu, furaha imemjaa. "Shikamoo mjomba. Nimepata kadi ya picha, RX 580 ya gigabaiti nane! Muuzaji yuko Nairobi, ataka nitume pesa leo leo." Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwuliza: pawa saplai yako ni ya wati ngapi? Kimya. Kompyuta yake ni Dell OptiPlex 9020 ya kusimama wima, mtumba uliotumika ofisini ng'ambo miaka mingi kabla ya kufika pwani. Kompyuta nyingi za gemu ninazozijua kutoka Mtwapa hadi Mambrui zimeanza maisha hivyohivyo, juu ya meza ya karani. Ni mashine imara na hazijachoka, ila hazikuundwa kwa ajili ya gemu. Basi usiku ule nikamwandikia yafuatayo, na sasa nayaleta kwako.

1. Fungua kasha kabla ya kufungua mfuko

Ondoa kifuniko cha ubavuni uandike mambo manne: modeli ya kompyuta, aina ya prosesa, wati zilizo kwenye bandiko la pawa saplai, na nafasi ndefu ya PCI Express ambamo kadi itakaa. Kisha chukua futi kamba upime kutoka bati la nyuma hadi kitu cha kwanza kitakachoizuia kadi, mara nyingi kizimba cha diski.

Kama kasha lako ni lile jembamba la kulala, kadi ya kimo cha kawaida haitaingia kabisa. Tafuta kadi fupi, na uhakikishe muuzaji anakupa na bati lake fupi, maana bati hilo likipotea kulipata peke yake ni kazi. Pima pia unene. Kwenye makasha membamba kadhaa nafasi ndefu imebanana na pawa saplai, na kadi yenye feni nene inagonga hapo.

2. Wati hazidanganyi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Nafasi ya PCI Express yenyewe humpa mgeni wake wati 75 zisizozidi. Kadi inayotaka zaidi hulishwa kwa waya kutoka kwenye pawa saplai: waya wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150. Sasa itazame OptiPlex 7010 ya wima: pawa saplai yake ni ya wati 275. Ile 9020 ni wati 290. Hizo ni za mashine nzima, prosesa na diski zikiwemo, na waya wa pini 6 au 8 haumo. RX 580 aliyoitaka mpwa wangu hula wati 185 peke yake na huhitaji waya wa pini 8. Angeituma pesa, angepokea kadi nzuri isiyo na pa kuchomeka.

Utaambiwa kuna kiunganishi cha kugeuza waya wa diski, ule wa SATA, kuwa waya wa kadi. Tafadhali usikubali. Kichwa cha SATA kimepimwa kubeba wati 54 tu kwenye laini ya volti 12. Ukikidai mara mbili ya hapo kinapata moto, plastiki inayeyuka, na nyumba ya makuti haihitaji cheche nyingi.

Kubadilisha pawa saplai kunawezekana, lakini Dell 9020 haitumii kichwa cha kawaida cha pini 24 kwenye ubao wake mkuu. Ina kichwa chake cha pini 8, hivyo utanunua pawa saplai na kigeuzi chake pia. Ukijumlisha hizo gharama na bei ya kadi, unaweza kukuta umefikia bei ya mashine nyingine.

Na wenye makasha membamba wasome kitabu cha mashine kwanza. Watengenezaji wengine wameweka kikomo cha chini ya wati 75 hata kwenye ile nafasi ndefu.

3. Zijue kadi zisizoomba waya

Kuna ukoo mzima wa kadi zinazoridhika na zile wati 75. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 hula wati 60 na bado inacheza gemu za zama zake. GTX 1050 Ti ya 2016, yenye gigabaiti 4, ndiyo ninayompendekezea mtu mwenye i5 ya kizazi cha tatu au cha nne. Imezagaa, mafundi wanaijua, na prosesa hizo zinaweza kuilisha kazi bila kuachwa nyuma. GTX 1650 ya 2019 ni hatua nzuri zaidi, ila kagua picha ya kadi yenyewe, kwa sababu matoleo mengine yalitengenezwa na tundu la pini 6.

RTX 3050 ya gigabaiti 6 ilitoka Februari 2024, nayo hula wati 70 bila waya. Usiichanganye na ndugu yake ya gigabaiti 8 ambayo hufika wati 130. Ukiipata kwa bei ya haki ichukue. Hata hivyo kwenye i5 ya mwaka 2013 sehemu ya nguvu yake italala tu.

Mbili za kuwa nazo macho. RX 6400 hula wati 53 na hupatikana ikiwa fupi, jambo linalowavutia wenye makasha membamba, lakini hutumia njia 4 tu za PCI Express badala ya 16. Kwenye kompyuta mpya hilo halina neno, ila kwenye kuukuu linaipunguza kasi. Tena haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo kama unatamani kurusha mechi zako YouTube, iache. Intel Arc A380 nayo inategemea kitu kiitwacho Resizable BAR ambacho mashine hizi za ofisini hazikuja nacho. Bila hicho inachechemea.

4. Jina moja, kadi mbili

GT 1030 ziko za aina mbili: yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4. Boksi linafanana na jina ni lile lile, lakini ya kwanza husafirisha data gigabaiti 48 kwa sekunde na ya pili hazifiki 17. Aliyenunua ya DDR4 anadhani kompyuta yake ina ugonjwa. GTX 1060 ya gigabaiti 3 si ile ya gigabaiti 6 iliyopunguzwa kumbukumbu tu, hata viini vyake ni vichache, 1152 dhidi ya 1280. RX 580 nayo ina toleo la 2048SP lenye viini 2048 badala ya 2304. Muulize muuzaji aina ya kumbukumbu na idadi ya viini. Asipojua, mwombe picha ya skrini ya programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure na huonyesha yote hayo kwenye ukurasa mmoja.

5. Ikiwa na tundu la buluu, kimbia

Kuna kadi za mwaka 2010, kama GTS 450, ambazo hubadilishwa jina ndani ya chipu ili Windows izitambue kama GTX 1050 Ti. GPU-Z huwa inazikamata na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Lakini kuna alama unayoweza kuiona hata kwenye picha ya simu: GTX 1050 Ti halisi haitoi VGA. Ukiona tundu lile la buluu la pini 15 kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Jambo hilo lina upande wa pili. Kama monita yako ni ya zamani na inajua VGA pekee, weka bajeti ya kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye chipu ndani. Waya mtupu hautaleta picha.

Ukisikia kadi "ilichimba", usiogope kupita kiasi. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kutegemea kadi tarehe 15 Septemba 2022, na tangu hapo kadi nyingi zilizokuwa zikichimba sarafu zimeingia mtumba. Chipu huvumilia, kinachochakaa ni feni na pesti ya kupoza. Zungusha feni kwa kidole: isikwaruze wala isiyumbe.

6. Chumvi ya bahari haina huruma

Vidokezo vilivyoandikwa kwa watu wa nchi za baridi havisemi neno hapa, nasi ndio tunaoumia. Upepo wa bahari huingia na chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huitafuna shaba. Kabla ya kulipia kadi iliyokaa Watamu au Silversands, igeuze uangalie kwenye mwanga. Meno ya dhahabu yawe yang'ara. Ukiona ukijani kando ya solda, skrubu zenye kutu, au unga mweupe kwenye mapezi ya alumini, kadi hiyo imekunywa bahari. Naipendelea kadi iliyotumika bara kuliko iliyokaa hatua chache kutoka ufukweni, hata kama hii ya pili ni nafuu.

Ikishakuwa yako, itunze. Usiweke kompyuta chini ya dirisha linalotazama bahari. Usiiweke sakafuni pia, kwa sababu mchanga na vumbi la makuti huishia kwenye feni. Kila baada ya miezi mitatu ifungue uipulize kwa bloa, ukizuia feni za kadi kwa kidole zisizunguke ovyo. Pesti ya kupoza ibadilishwe mara unapoinunua, maana ya miaka minane imeshakuwa kama udongo mkavu.

Kisha joto. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, chumba chenyewe kina moto kabla hujawasha chochote. Kadi iliyopimwa mwezi wa Julai, kusi likivuma, itakupa picha nzuri kuliko hali halisi. Mimi nikiona imevuka nyuzi 85 gemu ikiendelea, napunguza ubora wa picha au naweka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde. Jicho halioni tofauti kubwa, lakini kadi inapumua.

7. Stima

UPS ndogo inatosha. Si kwa ajili ya kucheza gizani: ni kwa ajili ya ule mrudio wa ghafla wa umeme unaoua pawa saplai. Na utaihitaji siku ya kusasisha BIOS, hatua ambayo kompyuta za 2012 na 2013 huitaka mara nyingi kabla ya kukubali kadi mpya. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo, ubao mkuu unaweza usiamke tena.

8. Taja gemu, ndipo utaje kadi

Andika gemu tatu unazozicheza kweli. GTA V ilipendekeza GTX 660 ya gigabaiti 2 ilipoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, kwa hiyo 750 Ti itakuridhisha ukikubali kupunguza madoido. EA Sports FC 24 ilitaja 1050 Ti kama kiwango cha chini. God of War ilianza na GTX 960 ya gigabaiti 4.

Na kabla ya yote, hesabu RAM. Mashine yenye kijiti kimoja cha gigabaiti 4 itakwamakwama hata ukiipa kadi ya kifalme. Vijiti viwili vya gigabaiti 4 kila kimoja hufanya kazi kwa pamoja na huipa prosesa njia pana zaidi kuliko kimoja cha 8. Wapo niliowashauri waanze na RAM na diski ya SSD, wakaahirisha kadi miezi kadhaa, na sijaona aliyejuta.

9. Angalia umri wa draiva

NVIDIA ilitangaza kwamba Oktoba 2025 ndio mwisho wa draiva mpya za gemu kwa familia za 750 Ti na 1050 Ti, na baada ya hapo ni masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Gemu za leo zitaendelea kuwaka, ila gemu zijazo hazitafanyiwa marekebisho kwa ajili yao. Hii ndiyo sababu, ukiwa na nyongeza kidogo, 1650 inastahili kungojewa. Na faili la draiva ni zito, linapita megabaiti 500. Lipakue kwenye Wi-Fi ya chuo au ya saiba, usiimalize bando yako.

10. Beba kasha lenyewe

Mpwa wangu aliachana na ile RX 580. Jumamosi iliyofuata aliifunga OptiPlex yake kwa leso mbili, akapanda matatu Kilifi akiwa ameipakata, kilomita sitini hivi hadi Mombasa. Dukani alimwomba fundi achomeke GTX 1650 mbele yake, akafungua GPU-Z, kisha akaiacha FurMark, programu ya kuitesa kadi kwa majaribio, ikiipiga nusu saa nzima huku akitazama nyuzi za joto na kusikiliza feni. Picha haikukatika wala kuweka mistari. Akaomba risiti yenye namba ya kadi na muda wa dhamana, halafu ndipo akatuma M-Pesa.

Usiku saa nne nikapokea picha ya skrini. Nyuzi 71, fremu 60, na ujumbe chini yake: "Mjomba, feni haisikiki."