Hesabu Siku za Mbuzi Wako

Kila ifikapo Machi, swali ninaloulizwa njiani kuliko mengine yote ni hili: "Shikamoo, bwana mifugo. Mbuzi wangu atazaa lini?" Nami huuliza: alipandwa lini? Hapo mtu hukuna kichwa. Mmoja atasema ni wakati ule wa kupalilia maharage, mwingine atasema beberu wa jirani alikuwa akipitapita hapa. Basi tunabaki wawili tunakodolea macho kiwele cha mbuzi kama wapiga ramli.

Mbuzi hubeba mimba siku 150, akizidisha au akipunguza ni siku tano hivi. Hesabu yake ni nyepesi: ongeza miezi mitano, toa siku moja au mbili. Aliyepandwa tarehe 1 Novemba mtarajie 31 Machi. Kwa hiyo mbuzi aliyepandwa vuli huzaa masika, na huku kwetu kwenye miteremko ya Uluguru masika ni ukungu, matope na baridi inayopenya banzi. Kitoto kinatoka tumboni kimelowa, kinapokelewa na upepo. Mwenye tarehe yake daftarini usiku huo yuko macho na nyasi kavu zimeshatandikwa. Asiye nayo atakuta maiti asubuhi na kusema mbuzi wa kisasa hawana uvumilivu.

Mbuzi hao wa maziwa si wageni tena. Damu ya wale wa Norway ilifika Mgeta miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na leo mbuzi aliyezaa anasomesha mtoto. Ila ni mnyama wa kuandikiwa. Daftari la shule la kurasa 32 linatosha: jina la mbuzi, siku aliyopandwa, beberu gani, siku ya kutarajiwa.

Tarehe hiyo inakuambia kwanza lini uache kukamua. Mbuzi anayekamuliwa akiwa na mimba apumzishwe miezi miwili kabla ya kuzaa. Najua maziwa hayo ndiyo chumvi na sabuni ya nyumba, lakini chuchu isiyopumzika haitengenezi dang'a ya maana, na dang'a nitaieleza punde.

Pili, inakuambia lini uongeze chakula. Takriban asilimia 70 ya uzito wa kitoto huongezeka wiki sita za mwisho. Mbuzi mwenye pacha wakati huo tumbo limejaa watoto, nafasi ya majani imebaki ndogo, na majani yenyewe ya masika ni maji matupu. Anakula siku nzima na bado ana njaa. Ndipo unapomwona amezubaa, hataki kula, anajitenga, pumzi yake ina harufu ya ajabu, kisha analala asiinuke. Watu husema karogwa. Ni njaa ya ndani. Mwili unajila wenyewe. Kata majani mapema, yaache yanyauke saa kadhaa chini ya paa, changanya na lukina kama unayo, kisha ongeza pumba za mahindi na mashudu ya alizeti kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Usimwagie debe siku moja. Tumbo la mbuzi halipendi kushtukizwa.

Dalili za uzazi wenyewe mnazijua: kiwele kinakaza, nyama za pembeni mwa mkia zinabonyea, anachimbachimba malalo, ute mzito unaning'inia. Kitoto kikija sawasawa utaona kwato mbili za mbele na pua imelala juu yake, kama mtu anayepiga mbizi. Hapo kaa mbali, mwachie kazi yake. Akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima bila kitu kuonekana, au ukaona mkia bila miguu, au kichwa bila kwato, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata mara moja. Usisubiri kuche. Na usivute kwa kamba. Nimeshona mbuzi wengi mno waliovutwa na waume wenye nguvu.

Mikono nayo ifunikwe. Mfuko wa nailoni usiotoboka ni bora kuliko vidole vitupu, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, unaingia kwa binadamu kupitia maji ya uzazi na kondo la nyuma. Mama mjamzito asisogee kabisa. Kondo likitoka lizikwe chini sana, mbwa wasilione. Likikawia kupita saa 12, usilining'inizie jiwe kama nilivyowahi kukuta, piga simu.

Sasa dang'a. Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa ameshapewa sehemu ya kinga na mama yake tumboni. Mtoto wa mbuzi, kondoo au ng'ombe hapewi kitu, anazaliwa mtupu. Kinga yake yote imo katika maziwa yale mazito ya manjano, na utumbo wake una mlango unaoipitisha kinga hiyo. Mlango huo unaanza kujifunga tangu saa za kwanza, na ndani ya siku moja umefungwa. Ndiyo maana nasema kitoto kinyonye ndani ya saa moja. Cha kilo tatu kinahitaji kama mililita 300 kwa siku ya kwanza, chini kidogo ya chupa ya soda, kwa awamu nne au tano. Wale wanaoikamua dang'a na kuimwaga kwa madai kwamba ni usaha, tafadhali, tukikutana msinisalimie.

Kabla ya kunyonyesha kitoto kilichozubaa, tia kidole kinywani mwake. Kinywa kikiwa cha baridi, kipashe moto kwanza. Maziwa katika tumbo lililopoa hayasagiki. Kikaushe kwa gunia, kikumbatie ndani ya koti, au kiweke jikoni karibu na mafiga. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hapana: litaua kitoto na aliyekikumbatia. Kitovu kichovye kwenye tinkcha ya ayodini, kichovye kweli, usikipanguse kwa pamba. Viungo vingi vya watoto ninavyoviona vimevimba mwezi wa Mei viliingiliwa na uchafu kupitia kitovu mwezi wa Machi.

Dang'a hiyohiyo ndiyo inayonileta kwenye suala la mnyama mgeni. Msimu huu minadani wauzaji wanawasifia mbuzi wenye mimba: nunua mmoja, upate watatu. Mimi mwenyewe niliwahi kuingia mtego huo, nikiwa bado kijana mwenye haraka. Muuzaji aliniambia mimba ina miezi mitatu. Siku ya tisa akazaa, usiku, mvua ikinyesha, kwenye kona ya banda niliyokuwa sijaitandika. Pacha. Mmoja alikufa kwa baridi kabla ya alfajiri. Wa pili aliishi wiki mbili, akaharisha, akafa pia, ingawa alinyonya dang'a vizuri. Ilinichukua muda kuelewa huyo wa pili. Mama alikuwa amefika kwangu juzi tu, na dang'a yake ilibeba kinga ya vijidudu vya banda alikotoka. Vya banda langu haikuvijua.

Kwa hiyo ukinunua mwenye mimba, nunua mapema, aishi kwako zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuzaa. Mwezi huohuo ndio wa karantini: banda lake peke yake, ndoo yake, na umhudumie wa mwisho baada ya wako. Homa ya mapafu ya mbuzi inaweza kujificha wiki tatu au nne kabla ya kukohoa. Mtazame meno, mawili ya kudumu ni mbuzi wa mwaka mmoja na ushee. Kamua chuchu zote mbili mbele ya muuzaji. Na uliza kama ana pembe kwa kuzaliwa. Jike asiye na pembe akipandwa na beberu asiye na pembe, baadhi ya majike watazaliwa huntha, wasiozaa wala kupandisha. Mmoja wa wazazi awe na pembe.

Wenye ng'ombe, kwa kifupi: ndama wa masika ni chakula cha kupe, na ndigana kali haimpi mtu muda wa kufikiri. Angalieni ndani ya masikio kila siku, na ulizeni chanjo kwa daktari. Ndama jike aliyezaliwa pacha na dume, msimfuge mkitegemea maziwa. Karibu wote ni tasa. Kuku walioangua, chanjo ya mdondo ya matone ya jicho irudiwe kila baada ya miezi mitatu hadi minne.

Vidume vya mbuzi vitengwe vikifika miezi mitatu. Vinaonekana watoto, lakini vinaweza kumpanda dada na mama, na hiyo ni tarehe isiyoandikwa na mtu.

Wale mlioko kwenye mpango wa kopa mbuzi lipa mbuzi, jike la kwanza mwaka huu ni la jirani. Siku ya kumkabidhi, nakilini ukurasa wake kwenye karatasi: amezaliwa lini, mama nani, beberu gani, amepewa dawa ya minyoo lini. Beberu huyo aandikwe kwa wino unaosomeka, kwa maana jirani akimrudishia huyo mtamba baba yake mwakani, mimi ndiye nitakayeitwa kueleza kwa nini watoto ni dhaifu.