Ripoti Nzuri, Mtoto Kimya

Dada wa Likoni,

Unasema binti yako yuko mwaka wa pili katika shule ya mtandaoni yenye mtaala wa Cambridge, ripoti zinaonyesha hakosi kipindi, lakini ukimwomba akueleze alichosoma, kimya. Baba yake anaona ripoti inatosha. Haitoshi, na wasiwasi wako una msingi.

Kuhudhuria si kujifunza. Ohio, Marekani, kulikuwa na shule ya mtandaoni iitwayo Electronic Classroom of Tomorrow, iliyolipwa na serikali kwa idadi ya wanafunzi. Serikali ilipodai ushahidi kwamba watoto hao walikuwa wakisoma kweli, shule haikuweza kuutoa kwa wengi wao. Ikaamriwa kurudisha mamilioni ya dola, na Januari 2018 ikafungwa katikati ya mwaka wa masomo. Watoto wapatao 12,000 wakabaki kutafuta pa kwenda.

Kwa hiyo achana na mahudhurio. Omba kazi zake za mwezi mzima zilizosahihishwa, uzipitie mwenyewe. Ukikuta alama za vema tupu, bila neno la mwalimu kuonyesha alipokosea, hapo pana kasoro. Uliza mwalimu wa hisabati ana wanafunzi wangapi, na mtoto akikwama anajibiwa na nani, baada ya muda gani.

Sayansi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Katika IGCSE, mtihani wa Cambridge, mtahiniwa wa kemia anaweza kufanya karatasi ya maandishi badala ya ile ya maabara. Mtoto anaweza basi kufaulu bila kuwahi kushika bureti, na akifika chuo atayaona mapengo hayo. Waulize maabara ataipata wapi. Mtihani wenyewe nao haufanyiwi sebuleni: ataufanyia kituo gani, nani atamsajili, na ada yake imo ndani ya karo?

Baba yake usibishane naye. Mketishe, binti awafundishe nyote wawili mada moja ya wiki hii kwa maneno yake mwenyewe. Atasikia unachosikia.

Kisha watafute wazazi wenzako, mfungue kundi la WhatsApp ambalo shule haimo. Mzazi mmoja akiuliza huambiwa mtoto wake ndiye mzembe; ishirini wakiuliza swali lilelile, lazima wajibiwe.

Shule ikikataa kukuonyesha kazi za mwanao, mhamishe muhula huu ukiisha, kabla hajaingia mwaka wa mtihani.