Remmy Ongala, Mpiga Gitaa

Bukene iko kando ya reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Hapo Tabora misafara ya zamani ilipumzika, kisha ikashika njia ya Ujiji, ikavuka ziwa mpaka nchi ya Manyema katika Kongo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Misafara hiyo, pamoja na mizigo yake, ilipeleka huko lugha ya Kiswahili.

Katika Manyema, mjini Kindu, alizaliwa Remmy Ongala mwaka 1947. Baba yake, aliyekuwa mwanamuziki, alikufa Remmy akali mtoto. Mama naye akafa baadaye. Yatima huyu akatafuta riziki yake kwa gitaa.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam, akajiunga na bendi ya Makassy. Baadaye akaongoza Super Matimila. Alitunga nyimbo juu ya kifo na umaskini, na wanyonge wakampenda kwa kuwa aliwasemea. Alipotunga wimbo wa kuwafundisha watu kujikinga na ukimwi, redio ya serikali ilikataa kuupiga. Yeye hakuacha kuuimba.

Mwaka 1994 wimbo wake, Kipenda Roho, ulitiwa katika filamu ya Marekani. Hivyo Kiswahili kilichokwenda Manyema kwa miguu kikasikiwa ng'ambo ya bahari. Remmy alifariki Desemba 2010.

Maswali:
1. Kiswahili kilifikaje Manyema?
2. Kwa nini wanyonge walimpenda Remmy?